Stresi ya kazini ni nini hasa, na kwa nini sio ugonjwa wa mabosi

Kuna kauli naisikia sana maofisini na inanikera kweli, "huyo mlinzi wa getini ana stresi gani, si anakaa tu, stresi tunazo sisi wenye majukumu". Halafu kuna nyingine inayoendana nayo, ile ya mfanyakazi kuambiwa "punguza mawazo bwana, mambo ya nyumbani yaache nyumbani". Zote mbili zimekosea sehemu moja, haziangalii mtu ana kauli kiasi gani juu ya kazi yake.

Maana kwa kifupi: stresi, au msongo wa mawazo, ni mwili na akili kuingia kwenye hali ya tahadhari pale mtu anapodaiwa kitu anachoona hakimudu au hana namna ya kukidhibiti. Homoni za adrenalini na kotisoli zinapanda, moyo unaenda mbio, sukari inaongezeka kwenye damu ili upate nguvu ya kupambana au kukimbia. Ikija ikapita haina shida, hata usaili wa kazi watu wengi wanafanya vizuri kwa sababu yake. Balaa ni pale inapokaa miezi na miaka bila kushuka.

Sasa mkanganyiko umeanza zamani. Wahandisi ndo walikuwa na hilo neno, kwao ni nguvu inayokandamiza chuma kikibebeshwa mzigo, na kile kinachotokea kwenye chuma chenyewe kina jina lake lingine. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Montreal, Kanada, akaandika barua fupi kwenye jarida la Nature kuhusu panya wa maabara, kwamba ukiwaweka kwenye baridi kali, ukiwapasua, ukiwachosha kwa mazoezi au ukiwapa dawa zenye sumu, miili yao inajibu kwa namna ileile, tezi za juu ya figo zinavimba na vidonda vinatokea tumboni. Baadae hilo jibu la mwili akaliita stresi, yaani neno la mzigo akampa anayebeba, ikabidi atunge neno lingine kwa ajili ya mzigo wenyewe. Sisi huku tumepokea vyote kwa jina moja, mtu akisema "nina stresi" hujui anataja kinachomkandamiza au anavyoumia, na tulipoongeza "wa mawazo" kwenye msongo ndo kabisa, kila mtu akaamini chanzo kiko kichwani mwa mhusika. Ndo maana dawa inayotolewa ni "acha mawazo".

Lakini chanzo kinapimika na kimepimwa. Uingereza, kuanzia 1967, waliwafuatilia watumishi wa serikali London, utafiti unaitwa Whitehall. Hawa sio mafukara, wana ajira za kudumu na matibabu ya serikali. Ingekuwa stresi ni za wakubwa, basi wakubwa ndo wangekufa zaidi kwa moyo, kumbe ilikuwa kinyume, wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara 3 ya wale wa juu, na hata ukiondoa sigara na presha pengo lilipungua tu, halikuisha. Awamu ya pili ilianza 1985 na watu 10,308, wanawake wakiwemo, chini ya mtafiti wa afya ya jamii Michael Marmot, na jambo moja lililojitokeza wazi ni kwamba wasio na kauli juu ya kazi yao walikuwa hatarini zaidi. Mwanasosholojia Robert Karasek alishalisema 1979 kwa takwimu za Marekani na Sweden: kinachoumiza zaidi ni madai makubwa yakikutana na nafasi ndogo ya kujiamulia. Mwenye kazi nyingi ambaye anajipangia mwenyewe anachoka, ndiyo, ila haumii kama yule asiye na kauli.

Mchukue dereva wa daladala. Hesabu ya tajiri iko palepale jioni, foleni hakuiweka yeye, trafiki akimsimamisha hamna wa kumpigia, nauli anapangiwa, mafuta yakipanda yanapanda. Kila kinachoamua siku yake kiko mikononi mwa mtu mwingine, halafu tunamshangaa akiwa mkali kwa abiria. Au yule dada wa dirishani benki, mtandao uko chini tangu asubuhi, anatukanwa na mteja na anatakiwa atabasamu, hawezi kujibu wala hawezi kuurudisha mtandao. Kule kutabasamu huku umeumia ni kazi, mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild aliandika kitabu kizima kuhusu hilo mwaka 1983 akianzia kwa wahudumu wa ndege, na haiandikwi popote kwenye mkataba wala hailipwi.

Na mlinzi wetu wa getini, anayekesha masaa 12, zamu anabadilishiwa bila kuulizwa, kikipotea kitu analaumiwa yeye, huyo ndo yuko kwenye stresi yenyewe. "Anakaa tu" ni jinsi anavyoonekana ukiwa unapita na gari.

Kwa hiyo wewe msimamizi, mtu wako akikwambia ana stresi, kabla hujamuuliza habari za nyumbani kwake, muulize kwanza zamu yake nani anaipanga na kama anaweza kusema hapana.