Msuguano: kwa nini breki peke yake haisimamishi gari

Sukuma kabati zito lililokaa kwenye sakafu ya saruji. Mwanzoni halitikisiki. Unaongeza nguvu, bado limegoma, kisha ghafla linaachia, na tangu hapo unaona kazi imepungua. Kilichokuwa kinakupinga chini ya miguu ya kabati ni msuguano: kani inayojitokeza pale nyuso mbili zinapogusana, ikizuia uso mmoja usiteleze juu ya mwingine.

Neno la kushika hapo ni "usiteleze". Shuleni wengi hukariri kwamba msuguano ni kani inayozuia mwendo, halafu wanakwama wakiulizwa kwa nini kwenye tope la mfinyanzi hawaendi. Ukitembea, unyayo unaisukuma ardhi kwa nyuma. Msuguano unaukatalia unyayo kuteleza kurudi nyuma, na kwa kuukatalia huko ndiko mwili unakopata msukumo wa kwenda mbele. Tope likiondoa msuguano, mguu unachapa palepale.

Unatoka wapi? Jibu la haraka ni kwamba nyuso zina makwaruzo yanayokamatana. Ni kweli, lakini si yote. Hata chuma kilichong'arishwa kama kioo, ukikitazama kwa hadubini kali, kina vilima na mabonde. Vyuma viwili vikikutana, vinagusana kwenye ncha za vilima tu. Ncha hizo chache ndizo zinazobeba mzigo wote, zinabanwa sana, na hapo hushikana kwa nguvu za molekuli zenyewe. Kutelezesha ni kuzing'oa na kuzikata ncha hizo moja moja. Kwa hiyo kulainisha uso hakuhakikishi utelezi. Vipande viwili vya kioo safi na kikavu vinaweza kung'ang'aniana vizuri tu. Kinacholeta utelezi ni kitu cha tatu kuingia katikati: maji, mafuta, sabuni, vumbi.

Mambo mawili ndiyo yanayoamua ukubwa wa msuguano: vitu vimegandamizana kwa nguvu kiasi gani, na ni vya aina gani. Upana wa eneo linalogusana hauna uzito ambao watu wengi huupa. Vuta tofali likiwa limelala kwa ubapa, kisha livute likiwa limesimama kwa ubavu. Nguvu unayotumia ni ileile karibu kabisa, kwa sababu eneo likipungua, kila ncha inabanwa zaidi. Leonardo da Vinci aliliona hilo mwishoni mwa karne ya 15, mwanafizikia Guillaume Amontons akalichapisha Ufaransa mwaka 1699, na mwanafizikia mwingine wa Ufaransa, Coulomb, akalichunguza kwa kina mwaka 1785. Mpira wa tairi hauifuati kanuni hii sawasawa, lakini kwa mbao, chuma na jiwe inatosha.

Aina ya nyuso huwakilishwa na namba iitwayo kigawo cha msuguano. Mpira juu ya lami kavu ni kama 0.7 hadi 0.8; lami ikilowa hushuka karibu na 0.4. Mbao kwa mbao ni kati ya 0.25 na 0.5, na chuma kwa chuma kilichopakwa grisi ni kama 0.1. Kigawo cha 0.5 kina maana kwamba kabati la kilo 60 litaanza kusogea ukilisukuma kwa nguvu sawa na ya kuinua kilo 30. Likishaanza kwenda, kigawo hushuka, pengine hadi 0.35, nawe unabakiza kazi ya kilo 21. Ule wa kwanza ni msuguano tuli. Huu wa pili ni msuguano wa mwendo. Karibu kila mara ule tuli ni mkubwa zaidi.

Tofauti hiyo inayoonekana ndogo ndiyo inayookoa watu barabarani. Gari linapokwenda, tairi linazunguka, lakini kile kipande cha mpira kilichogusa lami kwa wakati huo hakitelezi. Kinakanyaga na kuinuka kama unyayo. Kwa hiyo tairi linashika barabara kwa msuguano tuli. Ukikanyaga breki mpaka gurudumu likafunga, tairi linaanza kuburuzika, unahamia kwenye msuguano wa mwendo ulio mdogo, gari linachelewa kusimama na usukani hausikii tena. Ndiyo sababu ya mfumo wa ABS: unaachia na kukamata breki mara nyingi kwa sekunde ili gurudumu lisifunge. Gari lisilo na ABS likianza kuburuzika, dereva aachie pedali kidogo hadi gurudumu lizunguke, kisha akanyage tena.

Breki, basi, husimamisha gurudumu. Kinachosimamisha gari ni lami kupitia tairi. Unaweza kufunga padi mpya za breki za bei mbaya kwenye gari lenye tairi kipara na usipate faida yoyote barabara ikilowa. Hesabu yake ni rahisi: kwa kigawo cha 0.7, gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa husimama kwa mita 14 hivi. Likiwa 80, mita 36. Likiwa 100, mita 56. Kwenye lami iliyolowa yenye 0.4, namba hizo zinakuwa 25, 63 na 98. Na hapo hujaongeza muda wa dereva kushtuka: kwa sekunde moja tu, gari la kilomita 80 limeshapita mita 22. Uzito wa gari haumo kwenye hesabu hii, kwa kuwa gari zito hugandamiza lami zaidi na papo hapo ni gumu zaidi kulisimamisha. Mwendo ndio wenye neno: ukiuzidisha mara mbili, umbali unazidi mara nne.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya kuliko ya siku ya tatu. Mafuta yaliyodondoka kwa miezi, masizi na vumbi la mpira huchanganyika na maji machache, zikawa ute. Mvua ikiendelea, huoshwa. Kashata za tairi, yaani michongo ya juu ya mpira, zina kazi moja kubwa: kuyapa maji pa kupita ili mpira ufike kwenye lami. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya kina cha milimita 8 hivi, na nchi nyingi zimeweka kikomo cha milimita 1.6. Ikiisha, maji yanabaki chini ya tairi na kwa mwendo mkali gari linaelea.

Sasa joto. Wazee walipata moto kwa kupekecha ulindi juu ya ulimbombo: kijiti kikavu, ubao mwororo, na viganja viwili. Nguvu yote ya mikono iligeuka joto pale kwenye tundu. Breki za lori ni ulindi na ulimbombo wa tani nyingi. Lori la tani 40 likishuka mteremko unaolipunguzia mita 500 za kimo, linaachilia megajuli 196. Joto hilo lote likiingia kwenye maji ya nyuzi 25, lingechemsha zaidi ya lita 600, yaani mapipa matatu. Likiachiwa ngoma za breki peke yake, ngoma zinatanuka na kukimbia lainingi (vile vitambaa vigumu vinavyosuguana nazo), lainingi zenyewe zinapoteza kigawo chake, na dereva anakanyaga pedali ngumu isiyofanya kitu. Kwenye magari madogo kuna hatari ya ziada: mafuta ya breki. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa yanaweza kuchemka kwa 140. Mvuke ukiingia kwenye bomba, pedali inazama hadi chini. Yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Ndiyo maana madereva wanaopita mlima Kitonga, mkoani Iringa, huambiwa washuke kwa gia waliyopandia. Gia ndogo inailazimisha injini kubeba sehemu kubwa ya mzigo, na breki zinakanyagwa kwa vipindi vifupi, zikipata muda wa kupoa. Kupiga frii, yaani kuteremka bila gia, kosa lililoipa sifa mbaya barabara ya Salgaa nchini Kenya, kunaondoa injini yote na kuziachia breki kazi nzima. Na hata ule ujanja wa kuokoa mafuta haupo: injini za sindano za kisasa hukata mafuta kabisa gari likiteremka ndani ya gia, ilhali kwenye frii zinaendelea kunywa ili zisizime. Ngoma zikishawaka, usizimwagie maji baridi. Chuma cha kusubu hupasuka.

Kwenye bodaboda matatizo ni madogo lakini ni yaleyale. Breki shuu iliyolowa oili haioshwi ikapona. Oili imeshaingia ndani ya lainingi, ibadilishe. Iliyoota kung'aa kwa kuungua huweza kukwaruzwa kwa msasa. Baada ya kuvuka maji, endesha polepole huku umegusa breki kidogo hadi zikauke.

Pale ambapo msuguano hautakiwi, mbinu ni mbili: kuweka utando katikati, au kugeuza kuteleza kuwe kuviringika. Bawaba inayolia inataka oili ya mashine. Mafuta ya kupikia hunyamazisha kwa wiki chache, kisha hugeuka ulimbo unaokamata vumbi. Zipu iliyokwama ipitishie mshumaa. Kitasa kipe unga wa penseli, maana oili hukusanya uchafu. Beringi na gurudumu ni habari nyingine kabisa: gurudumu la chuma kwenye reli hupinga kuviringika kwa takriban 0.002 ya uzito tu, na ndiyo sababu treni huvuta kilichowashinda malori. Utelezi huohuo huitesa treni ikianza kupanda mlima reli ikiwa imelowa, hivyo hubeba mchanga na kuumwaga mbele ya magurudumu.

Mahali ambapo msuguano hujilimbikiza kwa namna ya kushangaza ni kamba iliyozungushwa kwenye nguzo. Kwa kigawo cha 0.3, mzunguko mmoja huzidisha nguvu ya mshikaji karibu mara 6.6. Miwili haiishii 13, inafika 43, kwa kuwa kila mzunguko unazidisha uliotangulia. Mitatu ni zaidi ya 280. Hivyo baharia mmoja huzuia jahazi gatini kwa mkono usiokaza hata kilo chache. Akitaka kulilegeza anatoa mzunguko mmoja tu na kuiachia kamba polepole, kwani ya nailoni ikikimbia kwa kasi kwenye nguzo huyeyuka pale inaposugua.