Je, wajua? Kisahani kidogo kuliko kifungo cha shati hupima nguvu za bomba la mvuke

Mabomba yanayopeleka mvuke kwenye turbini za kituo cha umeme hukaa kwenye joto la nyuzi 540 za sentigredi, pengine zaidi, miaka nenda miaka rudi. Baada ya saa 100,000 za kazi (miaka 11 na ushei), feleji yake si ile iliyotoka kiwandani. Imebakiwa na nguvu kiasi gani?

Kipimo cha kawaida huhitaji kuchonga fimbo ya sentimita kadhaa na kuivuta mpaka ikatike. Lakini ukikata fimbo hiyo kwenye bomba linalotumika, unaacha pengo la kuchomelea, na kandokando ya mchomeleo ndiko nyufa hupenda kuanzia. Dawa mbaya kuliko ugonjwa.

Badala yake huparuzwa kijipande chembamba kutoka uso wa bomba, bila kutoboa ukuta. Kijipande hicho husuguliwa kiwe kisahani chenye kipenyo cha milimita 8 na unene wa nusu milimita. Kisahani hubanwa ukingoni, kisha gololi ngumu ya milimita 2.5 hukisukuma katikati huku mashine ikiandika kani na kina. Kwanza kisahani hupinda na kuweza kurudi, halafu hupinda kwa kudumu, kisha huvutika kama ngozi ya ngoma, mwishoni hupasuka.

Pale kinapoacha kurudi ndipo penye siri. Ukigawanya kani ya hapo kwa mraba wa unene, unapata namba inayokwenda sambamba na mkazo (kani kwa kila kipimo cha eneo) ambao kwao fimbo kubwa ingeanza kulegea, yaani kupinda bila kurudi. Kiunganishi cha namba hizo mbili hakitoki kwenye nadharia tupu: watu wamepima feleji zilezile kwa njia zote mbili, wakalinganisha. Ndiyo maana jibu huitwa makadirio.

Tena huo mraba hauna huruma. Ukikosea unene kwa sehemu moja tu ya mia ya milimita, yaani asilimia 2, nguvu inapotoka kwa takriban asilimia 4. Fundi wa kusugua visahani ana kazi nzito kuliko mwendesha mashine, kwa maoni yangu.

Ukitumia kisahani kukadiria wepesi wa feleji kuvunjika kwenye baridi, tahadhari zaidi yahitajika: kisahani chembamba kisicho na mkato huendelea kuvutika kwenye baridi ambayo kipande kinene chenye mkato kingekatika kama kigae.