Filamu ya familia si kila filamu yenye nyuki

Mtu akiomba filamu ya familia kuhusu nyuki, majibu huja kwa fujo. Mmoja atataja katuni, wa pili atataja sinema ya kuliza, na hakosi wa tatu wa kutaja The Beekeeper ya mwaka 2024 kwa kuwa jina lake ni la mfuga nyuki. Hiyo ya mwisho ni Jason Statham akivunja watu mifupa. Huko Marekani filamu hiyo iliwekwa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia bila mzazi au mlezi. Nyuki wamo, ndiyo. Walioulizwa hawakuulizwa habari za nyuki peke yake.

Filamu ya familia ni ile ambayo mtoto na mtu mzima wanaiangalia pamoja, mdogo asihitaji kufumbwa macho na mkubwa asisinzie. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo. Kinacholeta vurugu ni majirani zake watatu, ambao watu huwachukua kama ndio yeye.

Wa kwanza ni katuni. Katuni ni namna ya kutengeneza filamu, haisemi lolote kuhusu nani aitazame. Wa pili ni filamu ya watoto, na huyu kidogo ana udugu wa kweli. Maya the Bee Movie ya 2014, iliyotokana na kitabu cha Mjerumani Waldemar Bonsels cha 1912, imeelekezwa kwa wadogo kabisa. Mzazi anakaa hapo kwa mapenzi tu. Bee Movie ya 2007 imetegwa kwa wote wawili. Mtoto anafuata nyuki anayeruka na kuongea, huku baba na mama wakicheka kesi ya mahakamani ambamo nyuki anawashtaki binadamu kwa kuiba asali, pamoja na utani wa mawakili na wa kuchagua kazi moja ya maisha yote. Mcheshi Jerry Seinfeld alishiriki kuiandika na ndiye sauti ya nyuki mkuu, kwa hiyo haishangazi kwamba nusu ya maneno yanapita juu ya kichwa cha mtoto. Hapo ndipo neno familia linapostahili.

Jirani wa tatu ndiye anayenichosha: herufi PG (Parental Guidance, yaani mwongozo wa mzazi). Watu huziona kwenye bango wakadhani ni muhuri wa “salama kwa nyumba nzima”. Sivyo. Herufi hizo zinamwambia mzazi kwamba huenda humo mna mambo yasiyomfaa mtoto, basi atangulie kuyapima mwenyewe. Ni kazi amekabidhiwa mkubwa, mtoto hajaahidiwa kitu.

Historia yake inaeleza kwa nini. Mfumo wa madaraja wa Marekani ulianza mwaka 1968 ukiwa na G (ya watu wote), M (ya waliokomaa), R na X (ya watu wazima pekee). M ikawa GP mwaka 1970, na 1972 ikageuzwa kuwa PG. Kwa zaidi ya miaka kumi hapakuwa na ngazi yoyote kati ya PG na R, kwa hiyo kila kilichozidi G bila kufikia ukali wa R kilitupwa humo. The Swarm ya 1978, ambamo makundi ya nyuki wa Afrika yanavamia Marekani na kuua watu ovyo, ilitoka na PG. (Nyuki wetu wamesingiziwa mengi, lakini tuyaache hayo.) PG-13, inayomwonya mzazi kwa ukali zaidi kuhusu walio chini ya miaka 13, ilikuja mwaka 1984 tu, baada ya wazazi kulalamikia ukatili wa filamu za PG za mwaka huohuo. Nyingi kati ya zilizotangulia hazikurudishwa kupimwa upya. Zimebaki na herufi zao za kale.

Hata baada ya hapo PG haikugeuka kuwa muhuri. My Girl ya 1991 ina PG, ina watoto wawili marafiki, ina bango la kupendeza, na ndani yake mvulana mwenye mzio anaumwa na nyuki msituni na kufa. Ni filamu nzuri. Kumwekea mtoto wa miaka sita bila kuandaa la kumjibu ni jambo jingine. The Secret Life of Bees ya 2008 nayo inahusu familia hasa, wanawake wanaofuga nyuki na msichana anayetafuta habari za mama yake, lakini mna kujiua na ubaguzi wa rangi wa mwaka 1964, na PG-13 yake si ya bahati mbaya. Kuhusu familia na kwa ajili ya familia ni njia mbili.

Tena, filamu ya familia si lazima ifundishe. Mkusanya chavua wa Bee Movie ni dume mwenye mwiba, wakati mzingani kazi hiyo ni ya majike, na dume hana mwiba kabisa, kwani mwiba ni kiungo cha kutagia mayai kilichobadilika. Maya, anayedharauliwa kuwa wa watoto wadogo, angalau ni jike.

Kwa hiyo ukiombwa tena, uliza kwanza wanaotazama wana umri gani, kisha taja filamu. Na kama umeishia kuona bango lake tu, sema hivyo. Atakayeiangalia kwanza peke yake awe huyo mzazi, ndivyo herufi zenyewe zilivyomwomba.