Je, wajua kwa nini mashine ya mbao hutikisika zaidi asubuhi kuliko mchana?

Msumeno wa meza unapowashwa asubuhi hugonga du-du-du, na sarafu iliyowekwa juu ya meza huanza kutembea yenyewe. Baada ya robo saa hutulia. Mafundi wengi husema mota ilikuwa haijapata moto. Mota haina kosa hapo. Aliyelala vibaya ni mkanda.

Mkanda wa V ni mpira uliofungiwa nyuzi ndani. Ukiachwa usiku kucha umekazwa, sehemu iliyozunguka puli (gurudumu lenye mfereji linalobeba mkanda) hubaki imepinda na sehemu iliyokuwa katikati ya puli mbili hubaki imenyooka. Puli ikiwa ndogo, mpindo huo huwa mkali zaidi. Kesho yake kila pindo likiingia kwenye mfereji wa puli, mkanda huinuka kidogo na kushuka, na mota huvutwa na kuachiwa. Mpira ukishapata joto hulainika, kigongo kikapotea. Kama baada ya nusu saa bado unagonga, mkanda umeshachukua umbo hilo moja kwa moja, ama ugonjwa uko kwingine.

Kabla ya kukimbilia kununua beringi, sikiliza mapigo. Chukua msumeno wenye mota ya mizunguko 1440 kwa dakika, puli ya inchi 6 kwenye mota, ya inchi 3 kwenye shafti, na mkanda A45. Herufi A ni upana wa milimita 13 juu. 45 ni urefu wa ndani kwa inchi. Shafti itazunguka mara 2880 kwa dakika, yaani 48 kwa sekunde. Mkanda wenyewe hukimbia kama mita 11.5 kwa sekunde, na kwa kuwa una urefu wa mita 1.17 hivi ukipimwa kwenye nyuzi zake, hukamilisha mzunguko takriban mara 10 tu kwa sekunde. Mapigo 10 sikio linayasikia moja moja, kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Mapigo 48 huungana yakawa mngurumo. Basi ikigonga, shuku mkanda. Ikinguruma na meza ikakupiga ganzi mkononi, shuku kitu kinachozunguka na shafti: puli, beringi, au msumeno wenyewe, yaani ile diski ya meno.

Ili kuhakikisha, zima, chomoa waya, toa mkanda, kisha washa mota peke yake. Ikitikisika, izime, uchomoe tena na uvue puli yake. Ukiivua, toa na ile kii ya mraba, kipande cha chuma kinachoshikanisha puli na shafti, maana ikibaki kwenye shafti itaruka kama risasi. Mota ikiwa shwari, rudisha puli na mkanda, washa bila msumeno. Mwisho funga msumeno. Pale tatizo linapoanza ndipo lilipo.

Puli za alumini zilizomwagwa kwenye kalibu za udongo ni za bei nafuu, lakini nyingi tundu lake halikukaa katikati sawasawa. Shika msumari karibu kabisa na ukuta wa mfereji, zungusha puli kwa mkono. Mwanya ukifunguka na kufunga kwa zaidi ya nusu milimita, mpelekee fundi wa kukereza. Pima ukuta wa mfereji, si ukingo wa nje, kwa sababu mkanda hukalia kuta. Tena chungulia chini ya mfereji: pakiwa pameng'aa, mkanda umelika au ni wa saizi nyingine, unagusa chini na kuteleza.

Kwenye randa mkosaji mkubwa ni visu. Tuseme ngoma, yaani silinda inayobeba visu, ina kipenyo cha sentimita 10, inazunguka mara 4000 kwa dakika, na kisu kimoja kimezidi mwenzake gramu 10 tu baada ya kunolewa. Gramu hizo huvuta shafti kwa nguvu ya karibu kilo 9, ikigeuka huku na huku mara 67 kila sekunde. Ndiyo maana visu hunolewa kwa pamoja na kupimwa kwenye mizani ndogo ya jikoni, na kizito hupunguzwa mgongoni. Nguvu hiyo hukua kwa mraba wa kasi: ongeza kasi mara mbili, nayo inakuwa mara nne. Anayebadilisha puli ili mashine "iwe kali" akumbuke hilo, na asome kwanza kasi ya juu iliyoandikwa kwenye msumeno wake.

Kunyoosha puli hakuhitaji kifaa cha gharama. Vuta uzi mbele ya nyuso za puli zote mbili. Uguse sehemu nne kwa wakati mmoja. Kama puli zina unene tofauti, pima kutoka ukingoni hadi katikati ya mfereji, kisha fidia. Kuhusu kukaza, kanuni ni milimita 1.6 za kubonyea kwa kila sentimita 10 za mkanda ulio wazi kati ya puli. Ukiwa na sentimita 40, ubonyee milimita 6 hivi kwa kidole gumba. Wengi hukaza hadi mkanda unalia kama uzi wa gitaa, wakaua beringi ndani ya miezi.

Mtetemo hulegeza nati na skrubu za puli. Beringi ikiwa imelegea na kuchezacheza, meno ya nyuma ya msumeno hugusa mbao na kuirusha kwa fundi. Bamba la chuma nyuma ya msumeno, linalozuia mbao isibane, si pambo. Wala kijiti cha kusukumia.

Na mkanda ule wa mita 11.5 kwa sekunde: mtu huchukua kama sehemu ya tano ya sekunde kushtuka na kuvuta mkono. Kwa muda huo mkanda umeshapita mita 2.3. Kwa hiyo funika puli zote mbili kwa bati au wavu mnene, hasa pale mkanda unapoingia kwenye puli. Usipake sabuni wala lami mkanda unaoteleza, tena ukiwa unazunguka. Glavu na mikono ya shati inayoning'inia havina kazi hapo.

Umeme ukikatika, zima swichi hapo hapo. Swichi ya kawaida hubaki imewashwa. Umeme ukirudi, msumeno utaanza wakati mtu anautoa. Dawa yake ni swichi ya kontakta, ambayo haiwaki tena mpaka ubonyeze kitufe. Kwa mota ya fezi tatu, laini ikitengenezwa, washa sekunde moja bila mbao uangalie upande inaozunguka. Fezi mbili zikibadilishana, mota huzunguka kinyume, na nati ya msumeno inayojikaza kwa mzunguko wa kawaida huanza kujifungua.

Karakana ikifungwa wiki nzima ya sikukuu, legeza mkanda, au uuvue kabisa na kuutundika bila kuukunja. Mkanda mpya ukaze upya baada ya siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu hapo ndipo hulegea zaidi.