Kushuka korongo la Ol Njorowa kwa miguu: saa, maji na mahali pa kukanyaga

Wanaopanga kwenda Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, Naivasha, huuliza kwanza kama korongo ni gumu. Ugumu wake ni wa kadiri: mtu mzima mwenye afya, viatu vyenye meno na subira hushuka na kupanda vizuri tu. Mimi ningependa waanze na swali jingine: mvua imenyesha wapi tangu jana? Na siulizii pale ulipoegesha baiskeli, naulizia kule juu yanakotoka maji.

Ol Njorowa ni mfereji wa zamani. Maelfu ya miaka iliyopita, Bonde la Ufa lilipokuwa na mvua nyingi kuliko leo, Ziwa Naivasha lilijaa mno hata likafurika upande wa kusini kupitia hapa. Maji yale yalikata tabaka za majivu ya volkano yaliyoshikamana, mwamba laini ukiulinganisha na lava, na ndiyo sababu kuta zimepinda na kulainika kiasi kile kinachopendwa na wapiga picha. Ziwa likapungua, mfereji ukabaki. Siku za kawaida utakuta kijito chembamba tu, kifundo cha mguu hakizami. Lakini umbo halijabadilika: miteremko na tambarare za juu hukusanya mvua, vijito huileta, kisha yote hubanwa kwenye mpasuko ambao mahali pengine watu wawili hawapishani kwa raha. Maji ambayo uwandani yangetapakaa bila madhara, humu ndani hayana pa kwenda ila juu.

Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walikufa humu kwa mafuriko ya ghafla. Septemba 2019 wakafa watu saba tena, akiwamo mwongozaji wa hapo hapo. Itazame hiyo tarehe ya pili. Septemba si masika wala si vuli, kwa hiyo anayetegemea kalenda hajajikinga. Na kuwa na mwongozaji mwenyeji ni lazima kwa maoni yangu, ila mwongozaji hazuii maji. Kazi yake ni kujua pa kutokea.

Mpango unaofaa unaanza asubuhi. Mvua za radi za Bonde la Ufa hupenda kukusanyika baada ya adhuhuri, jua likishapasha ardhi, kwa hiyo lengo ni kuwa umeshatoka korongoni kabla ya saa saba mchana. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Naivasha unapanda matatu ya Barabara ya Moi Kusini, unashuka njia panda ya lango la Elsa. Baiskeli zinakodishwa papo hapo. Zijaribu breki zote mbili na gia kabla hujalipa, uyabonyeze na matairi, maana kutoka langoni hadi korongoni ni kama kilomita 8 za vumbi na kokoto, na nyati hawatakusubiri uzibe pancha. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, basi malizana nacho ukiwa bado na mtandao. Langoni uliza mambo mawili: je, korongo limefunguliwa leo, na sehemu zipi? Shirika la Wanyamapori, KWS, hulifunga linapoona hatari, na ukiambiwa limefungwa, hakuna cha kubembeleza. Endesha baiskeli, tazama Fischer's Tower, ile nguzo ya mwamba, na majabali mekundu, rudi siku nyingine.

Kabla ya kushuka, mwambie mwongozaji akutajie kila mahali pa kutokea, kisha akuonyeshe mnapopapita. Bei mpatane mkiwa juu. Mwachie mtu wa juu saa mnayotarajia kurudi, maana ndani simu hukosa mtandao.

Sasa miguu. Mteremko wa kwanza ndio unaoangusha watu, na chanzo ni hofu. Mtu akiogopa huukumbatia mwamba. Kifua kikigusa ukuta, uzito unausukuma unyayo nje badala ya kuukandamiza chini, soli inakosa kushika, na anateleza kwa sababu ile ile ya kutaka kuwa salama. Geuka uutazame ukuta, acha nafasi ya kiganja kati ya tumbo na jiwe, simama wima juu ya miguu. Viungo vitatu vishike, kimoja ndicho kitembee. Mahali pengine kuna vijishimo vya kukanyagia; weka ncha ya kiatu ndani na kisigino kishuke kidogo, usikiinue, kwani misuli ya shavu la mguu ikichoka mguu huanza kutetemeka na ukishatetemeka hauna kazi. Usiruke hata kimo cha meza. Chini ya maji kuna mawe mviringo yanayobiringika, na kifundo kikiteguka hapo, wenzako watakubeba juu kwa njia ile ile uliyoshukia.

Palipo na ukijani pana utelezi. Kanyaga changarawe au mwamba mkavu wenye chembe, hata kama inakubidi uzunguke. Raba zilizolika soli ziache nyumbani, sandali pia. Mikono iwe mitupu, kila kitu kwenye begi la mgongoni: lita 2 za maji kwa mtu, soksi kavu, bandeji ya kufunga kifundo. Soksi zilizolowa na kujaa mchanga huleta malengelenge kabla hujafika nusu ya njia ya kurudi.

Kuna maji yanayochuruzika ukutani yakiwa moto, kwa kuwa joto la ardhi la Olkaria, linalozalisha umeme tangu 1981, liko jirani sana. Baadhi yanababua. Usishike ukuta unaovuta mvuke, na watoto watanguliwe na mtu mzima. Vile vipande vyeusi vinavyong'aa ni kioo cha volkano. Vina makali kweli, watu wa kale walivifanya visu. Viache vilipo.

Ukiwa ndani, inua macho. Vijiti na nyasi kavu zilizonasa kwenye nyufa juu ya kichwa chako si zote zilizoletwa na ndege. Nyingi ni alama ya kimo cha maji yaliyopita. Hapo pindua shingo utafute njia ya kutokea iliyo karibu, na kama huioni, msiketi kula.

Dalili za kukimbia ni chache na hazitoi muda. Kijito kilichokuwa safi kinageuka rangi ya chai ya maziwa. Vinaanza kuja vijiti, majani, povu. Unasikia ngurumo isiyokoma. Radi au wingu zito upande wa juu latosha peke yake, hata kama kwenu jua linawaka. Usishindane na maji kwa kukimbilia chini kufuata mkondo, kwani yana kasi kuliko wewe na korongo linazidi kubana. Panda kwa njia ya karibu kabisa, begi liache. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zaweza kumwangusha mtu mzima, na meta moja ya ujazo ina uzito wa tani nzima. Jiwe lililo katikati ya mkondo si kisiwa. Mkishafika juu kaeni huko huko. Wimbi la kwanza mara nyingi si la mwisho, na kwenye vurugu hiyo kuna anayekumbuka simu yake aliyoiacha chini.

Njia ya kurudi lango la Elsa ina mwinuko wa taratibu usioonekana ulipokuwa unaenda, na miguu imeshatumika. Jipe saa moja na nusu. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na nyati hutoka vichakani mapema kuliko hapo.