Wapenzi wa jinsia moja China: dhana na ukweli

Mwisho wa wiki, katika Bustani ya Umma katikati ya Shanghai, wazazi hufungua miavuli hata kama mvua hainyeshi. Juu yake wamebandika karatasi za watoto wao wanaotafutiwa wachumba: umri, urefu, elimu, mshahara, nyumba, na hukou, yaani hati ya usajili wa makazi. Ukizisoma karatasi hizo, dhana nyingi tulizonazo kuhusu mashoga na wasagaji wa China zinaanza kulegea.

Dhana: Kule ni kosa la jinai.
Si kosa. Kifungu cha "uhuni" kilichotumiwa kuwakamata wanaume kilifutwa mwaka 1997, na mwaka 2001 chama cha madaktari wa akili kikaacha kuyahesabu mapenzi haya kuwa maradhi. Ila ndoa yao haitambuliki, na hakuna sheria inayotaja kwamba ni marufuku kumfukuza mtu kazi kwa ajili hiyo.

Dhana: Ukifika mji mkubwa, umeokoka.
Inategemea umefika na nini. Karani wa ofisini anapanga fleti yenye mlango wa kufunga kwa ndani. Kijana aliyetoka kijijini kuja kiwandani Shenzhen analala bwenini, vitanda vya ghorofa, watu sita au wanane chumba kimoja. Pa kumleta mpenzi hana, hata pa kuongea naye kwa simu hana. Hukou yake imebaki kijijini, na huduma nyingi za mjini zinaifuata hukou.

Kinachoniudhi zaidi ni dharau ya wao kwa wao. Wapo wenye kazi nzuri ambao, wakiwataja vijana wa shamba wanaouza miili mjini, husema hawana suzhi, yaani "ubora" wa mtu. Ni neno lile lile ambalo wenye mji wanawapiga nalo wahamiaji wote.

Dhana: Wanaume ndio wanaobanwa zaidi, kwa sababu ya ukoo.
Mwana wa kiume anabanwa kweli. Lakini huyo huyo ndiye wazazi wanayejinyima ili wamnunulie nyumba, maana bila nyumba haozwi. Binti mara nyingi hapewi kitu. Nyumba ataikuta kwa mume. Na nyumba ambayo wazazi wamemnunulia mtoto wao kabla ya ndoa na kuiandika kwa jina lake ni yake peke yake hata ndoa ikivunjika. Kwa hiyo lala, kama wanavyojiita wasagaji wa China, akitaka kuishi na mwenzake, kodi inatoka kwenye mshahara ambao kwa kawaida ni mdogo kuliko wa kaka yake. Akikataa kuolewa anaitwa shengnü, "mwanamke aliyebaki". Akitaka mtoto, upandikizaji wa mimba ni kwa walioolewa tu. Kubebewa mimba na mwanamke mwingine nako ni marufuku, ila mwanamume mwenye fedha hupanda ndege kwenda Marekani.

Yupo pia mwanamke ambaye hakuchagua lolote: tongqi, mke aliyeolewa na shoga bila kujua.

Dhana: Ndoa ya makubaliano inamaliza yote.
Inaitwa xinghun: shoga na lala wanaoana mbele ya wazazi, kisha kila mmoja anarudi kwa mpenzi wake. Sherehe inapita vizuri. Halafu unafika Mwaka Mpya wa Kichina. Kwa desturi wanakwenda kwao mume, na ni "mke" anayeingia jikoni na kuulizwa mezani mimba iko wapi. Mwaka unaofuata anaulizwa tena.

Dhana: Simu imewasawazisha.
Blued, programu ya simu ya kutafutia wapenzi iliyoanzishwa na aliyekuwa polisi na kuingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2020, ilitengenezwa kwa ajili ya wanaume. Mwaka huo huo tamasha la mashoga na wasagaji, Shanghai Pride, lilisitishwa, na mwaka 2023 kituo chao cha Beijing kikafungwa. Kinachowasaidia wapenzi wawili kwa sasa ni karatasi: tangu 2017 mtu mzima anaweza kumteua amtakaye awe mlezi wake, wa kumtilia saini hospitalini. Lazima umpate mthibitishaji anayekubali, na ulipe ada.