Prado iliyotumika: uchukue petroli au dizeli?

Kila wiki lazima nipate simu moja ya namna hii, "fundi, nimepata Prado ya dizeli bei nzuri, nichukue?", na mi swali langu la kwanza wala sio la gari, namuuliza unaishi wapi na kwa mwaka unatembea kilomita ngapi. Wengi wanaboreka hapo. Walitaka niseme tu dizeli ina nguvu wakalipie.

Nguvu inayo, hapo sibishi. Ile dizeli ya 3.0, injini ya 1KD, ya otomatiki inatoa torki (nguvu ya kuzungusha) Nm 410 ikiwa kwenye mizunguko 1,600 tu kwa dakika, wakati petroli 2.7, hii 2TR, inaishia Nm 246 na mpaka uipandishe 3,800 ndo uipate yote. Ipeleke kwenye kilima cha mawe ukiwa 4L, ile gia nzito ya tairi zote nne, utaona, dizeli inatambaa taratibu kama kobe, petroli inataka uikanyage, ukiikanyaga tairi linazunguka bure unarudi ulipotoka.

Ila we hununui mpya, unanunua ya 2005 ambayo watu watatu washaitumia, na hapa ndo maneno yangu yote yalipo. 1KD ni komoni reli, yaani bomba moja la presha linalisha nozeli zote za kupuliza dizeli, nozeli zake zinafanya kazi kwenye presha ya zaidi ya baa 1,300, na chini ya kila nozeli kuna washa ndogo ya kopa, kipete cha kuziba. Hiyo washa ikichoka moshi wa silinda unavuja unaingia kwenye oili, masizi yanashuka chini yanaziba ile nyavu ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili haipandi tena, injini inajisaga yenyewe. Niliwahi kufungua sampu ya jamaa aliyenunua miezi minne nyuma, nyavu imeziba zaidi ya nusu, nikakwangua kwa kucha yakabanduka kama ukoko wa wali, na jamaa oili alikuwa anabadilisha kwa wakati kabisa! Aliyemuuzia ndo hakuwahi kugusa zile washa.

Alafu kuna mafuta yenyewe. Wakubwa mnakumbuka enzi za uchakachuaji, dizeli inachanganywa na mafuta ya taa mpaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayana ule utelezi wa kulainisha pampu, na gari lililokunywa hayo miaka hiyo bado linaweza kuwa sokoni leo.

Tupige hesabu kidogo. Mtu wa mjini anatembea kama kilomita 12,000 kwa mwaka, 2TR kwa niliyoyaona inakupa 7 au 8 kwa lita, dizeli 9 mpaka 10, kwahiyo unaokoa lita 300 na kitu, chukulia lita ni 3,000 inakuwa kama milioni moja. Nzuri. Ila siku nozeli 4 mpya zikihitajika hiyo milioni ya mwaka mmoja haifiki popote, na bado kuna taimingi belti ya kila kilomita 150,000 wakati 2TR inatumia cheni.

Watu wananiuliza pia mbona Prado za 2010, 2012 kutoka Japani zote ni petroli. Sababu ni kwamba Toyota waliacha kuuza Prado ya dizeli kwao 2007, wakairudisha 2015 na injini ya 2.8, 1GD. Ukikuta ya dizeli ya hiyo miaka ya katikati ujue imetokea kwingine, mara nyingi Uingereza. Na hiyo 2.8 ina chujio la masizi kwenye ekzosi, DPF, linalotaka safari ndefu lijichome lenyewe, sasa we wa foleni ya Mwenge pale Dar kila siku unalitafutia balaa.

Hoja ya "porini kuna dizeli tu" imeshazeeka, siku hizi kijiji chochote chenye bodaboda kina petroli kwenye chupa za maji, usafi wake ndo sikuhakikishii, beba kitambaa cha kuchujia.

Kwenye maji, dizeli za zamani kama 1HZ, injini ya Land Cruiser, hazina koili wala plagi za kulowana, ndo maana madereva wa utalii hapa Arusha wanazipenda. Lakini maji yakiingia kwenye njia ya hewa, mgandamizo wake wa zaidi ya 20 kwa 1 unapinda koneti rodi hapo hapo.

Kwahiyo mtu wa mjini anayeenda kijijini Krismasi na Pasaka namwambia achukue 2.7 petroli, avumilie uvivu wake mlimani. Anayebeba mizigo, anayevuta trela, anayeshinda kwenye matope ya Loliondo, huyo dizeli, na atenge hela ya washa na nozeli siku ile ile anayonunua.

Kukagua dizeli nenda asubuhi. Liwashe gari, angalia moshi, mweupe usioisha ni nozeli, wa bluu ni oili, mweusi anza na chujio la hewa na tabo (turbo). Fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, ikikupumulia kwa nguvu usoni achana nayo. Mi huwa naweka kiganja juu ya injini kabla hata sijasalimiana vizuri na muuzaji, nikikuta ya moto nasema nitarudi kesho, asiiwashe kabla sijafika.